Pesa iliyopita kwa simu si mapato yote: tenganisha kabla ya 30 Juni

Msimu wa ushuru ukikaribia, wateja wetu wa Kisumu na pande za ziwa hutuuliza swali moja kwa namna nyingi. Mama anayeuza samaki Kibuye anaangalia taarifa ya laini yake, anaona zaidi ya shilingi milioni moja zimeingia ndani ya mwaka, na moyo unaruka: kwani hizi zote ni zangu, nitalipa ushuru wa pesa ngapi? Kijana wa boda pale Kondele anasema yeye hajaandikwa na mtu, kwa hivyo mambo ya KRA hayamhusu. Mwalimu wa Seme naye anasema ameshakatwa kwa mshahara, sasa afaili nini tena?

Somo la leo ni la wote watatu. Lakini tutakaa zaidi na yule mama wa samaki, kwa sababu hesabu yake ndiyo inayofanana na za wengi wanaotumia simu kama duka, benki na kibubu kwa pamoja.

Nani anafaili, na lini

Mwaka wa ushuru wa mtu binafsi Kenya huanza 1 Januari na kuisha 31 Desemba. Ritani ya mwaka huo hufailiwa kati ya 1 Januari na 30 Juni ya mwaka unaofuata. Kwa hivyo mapato yako ya 2025 mwisho wake ni 30 Juni 2026. Ukiwa na PIN ya KRA yenye wajibu wa ushuru wa mapato, unatakiwa ufaili, hata kama huna shilingi ya kulipa.

Ukichelewa, faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Ikiwa pia ulikuwa na ushuru wa kulipa na hukulipa, kuna adhabu nyingine ya asilimia 5 ya deni, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Elfu mbili si nyingi, utasema. Lakini huhesabiwa kwa kila mwaka uliorukwa, na hao ndio wanaoumia: wanafunzi waliochukua PIN ili waombe mkopo wa HELB, wakaisahau miaka yote ya chuo. Siku anapata kazi na mwajiri anataka cheti cha kutimiza ushuru, anafungua iTax na kukuta miaka minne au mitano ya faini inamngoja. Ule msamaha wa adhabu na riba kwa madeni ya hadi mwisho wa 2023 ulifungwa 30 Juni 2025, kwa hivyo usipange maisha yako ukiutegemea. Kama una mtoto Maseno au kule Bondo, mkumbushe sasa hivi.

Sufuri mbili zisizofanana

Kosa linalotokea sana huanzia kwenye saiba, na mara nyingi linaanza na nia njema.

“Kijana wangu, nisaidie nifaili hii ya KRA.”

“Sawa, mama. Uko na kazi?”

“Kazi ya kuandikwa sina.”

“Basi hiyo ni nil. Mia mbili tu, dakika tano tumemaliza.”

Na kweli dakika tano zinatosha. Mama anatoka na karatasi ya KRA, roho imetulia. Lakini ritani ya sufuri, ile ya kitufe cha NIL, ni tamko kwamba mwaka mzima hukuwa na mapato yoyote ya kutajwa. Huyu mama anauza samaki siku sita kwa wiki. Ametia sahihi jambo lisilo kweli, na ni jina lake na PIN yake vilivyo kwenye tamko hilo, si vya kijana wa saiba.

Inayouma zaidi ni kwamba huenda hakuwa na ushuru wa kulipa hata kidogo. Kuna tofauti kati ya kusema “sikupata kitu” na kusema “nilipata, hesabu ikafanywa, ushuru ukatoka sufuri.” Ya kwanza ni ritani ya NIL. Ya pili ni ritani ya kawaida ya mapato ambayo mstari wake wa mwisho unasoma sufuri. Zote mbili hazikutoi pesa, ila ya pili inakulinda siku ukiulizwa.

Kwa nini ushuru utoke sufuri? Kwa sababu kila mkazi anayefaili hupewa nafuu ya kibinafsi ya shilingi 28,800 kwa mwaka, yaani 2,400 kwa mwezi. Shilingi 288,000 za kwanza za mapato yako ya mwaka hutozwa asilimia 10, ambayo ni 28,800 hiyo hiyo. Kwa hivyo ambaye faida yake kwa mwaka mzima haikuzidi 288,000 hana cha kulipa. Neno la kushika hapo ni faida. Mauzo ni kitu kingine, na pesa zilizoingia kwa simu ni kitu cha tatu.

Kuchambua taarifa ya laini

Kwanza toa taarifa ya miamala, ile wengi huita stetimenti, ya 1 Januari hadi 31 Desemba 2025. Unaiomba kwenye programu ya simu au kwa menyu, faili inakuja kwa baruapepe ikiwa imefungwa, na namba ya kuifungua inatumwa kwa SMS. Kama una tili ya kupokea malipo ya wateja, ina taarifa yake, tofauti na ya laini. Omba zote mbili. Wengi huchukua moja wakidhani ina kila kitu, kisha hesabu inakataa kukaa.

Wacha sasa turudi kwa mama wa Kibuye. Ni mfano tu tumeutengeneza, lakini weka namba zako mahali pa zake. Taarifa zake zinaonyesha jumla ya shilingi 1,422,000 zilizoingia mwaka huo. Anakaa chini na kalamu za rangi mbili, anapitia mwezi kwa mwezi, akiuliza kila mstari swali moja: hii pesa niliipata kwa kuuza kitu au kufanya kazi?

Anakuta malipo ya wateja ni 870,000. Hayo ni mauzo.

Halafu kuna 240,000 za chama. Yeye ndiye mweka hazina, wanachama wote wanamtumia yeye, kisha anamtumia aliye kwenye zamu. Pesa hizo zinapita tu mikononi mwake. Hata ile zamu yake mwenyewe ilipofika, alichopokea ni akiba yake iliyorudi kwake. Si mapato.

Kuna 90,000 za mikopo ya simu. Mkopo ni deni, si mapato, hata kama siku ulipoingia ulifurahi kama mapato.

Kuna 110,000 alizozitoa kwenye SACCO yake kuja kwenye simu. Pesa zake kutoka mfuko huu hadi mfuko ule.

Kuna 100,000 kutoka kwa watoto na ndugu, nyingi zikiwa za matanga na karo. Zawadi ya familia si biashara. Na kuna 12,000 zilizorudishwa baada ya kutumwa kimakosa.

Jumlisha: ni 1,422,000 kamili. Katika hizo, mauzo ni 870,000 peke yake. Lakini hajamaliza, maana si kila mteja analipa kwa simu. Daftari lake la kila siku linaonyesha mauzo mengine ya pesa taslimu ya 90,000 ambazo hazikuwahi kugusa laini. Hizo pia ni mapato, na lazima ziingie. Mauzo yake ya mwaka ni 960,000.

Tazama tofauti hiyo. Angejumlisha tu kila kilichoingia pamoja na taslimu, angefika 1,512,000, akadhani amevuka milioni moja na kuingia kwenye ushuru wa mauzo wa asilimia 3, yaani shilingi 45,360. Kumbe yuko chini ya milioni, na anatozwa kwa faida.

Ukiweza, kuanzia leo usichanganye. Pesa za chama zipewe laini yao. Malipo ya wateja yapitie tili. Kazi ya siku tatu za kuchambua inakuwa ya saa moja. Wakala wa pesa za simu analielewa hili kuliko mtu yeyote: float inayozunguka kwake kwa siku inaweza kuwa laki mbili, lakini mapato yake ni kamisheni. Mwenye nyumba za kupangisha Manyatta au Nyalenda naye atenge kodi ya wapangaji mahali pake, kwa kuwa ina ushuru wake: asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea, hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ikiwa kodi kwa mwaka ni kati ya 288,000 na milioni 15.

Stakabadhi za ufuoni

Sasa gharama. Mama wetu alinunua samaki wa 610,000 mwaka mzima, ngege na mbuta kutoka Dunga, omena kutoka Usenge na Mbita zikija kwa gunia. Usafiri ulikula 74,000. Barafu, mabeseni na mifuko 18,000. Ada ya soko ya kaunti, tuseme 50 kwa siku kwa siku 300, ni 15,000. Ada za miamala ya biashara 9,000. Jumla ni 726,000. Toa kwenye 960,000, inabaki faida ya 234,000.

Iko chini ya 288,000. Asilimia 10 ya 234,000 ni 23,400, nafuu ya 28,800 inaifunika yote. Ushuru wake ni sufuri.

Ingekuwa vizuri tuishie hapo, lakini kuna jambo ambalo watu wengi wa soko hawajaambiwa wazi. Tangu 1 Januari 2024, gharama ya biashara inakubaliwa kupunguza ushuru ikiwa ina ankara iliyotoka kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, isipokuwa zile zilizosamehewa na sheria. Na kwa ritani za mwaka wa 2025, KRA ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 itazilinganisha namba unazoandika na ankara zilizo kwenye mfumo huo, na rekodi za ushuru uliozuiliwa, na rekodi za forodha.

Nani anatoa ankara ya kielektroniki ufuoni saa kumi na moja alfajiri? Mvuvi ametoka majini, amelowa, anataka pesa yake alale. Sasa fikiria KRA ikizikataa zile 610,000 za samaki kwa kukosa ankara. Faida ya mama kwenye karatasi inapanda hadi 844,000, ingawa mfukoni hana pesa hiyo. Hesabu inakuwa hivi: 288,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 28,800. 100,000 zinazofuata kwa asilimia 25 ni 25,000. 456,000 zilizobaki kwa asilimia 30 ni 136,800. Jumla 190,600, toa nafuu, anadaiwa 161,800. Kutoka sufuri hadi laki moja na elfu sitini na kitu, kwa samaki wale wale.

Kwa maoni yetu sheria hii iliandikwa ikifikiria duka lenye kaunta, si boti. Lakini ndiyo sheria, na njia ya kuishi nayo ipo. Mabadiliko yaliyoanza 27 Desemba 2024 yanasema kwamba ukinunua kutoka kwa mfanyabiashara mdogo au mkulima wa kujikimu ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka, wewe mnunuzi ndiye unayetengeneza ankara. Huhitaji kumsumbua mvuvi na mashine. Unahitaji maelezo yake, kiasi na bei, na unaiandika upande wako kupitia huduma ya eTIMS, ambayo kwa wafanyabiashara wadogo inapatikana kwa kupiga *222# au kwenye tovuti ya eCitizen. Wale wa kundi la ufuoni, yaani BMU, wanaweza kusaidia sana hapa, kwa sababu wanajua kila boti na mwenyewe.

Na mlipe mvuvi kwa simu. Ujumbe wa malipo hauchukui nafasi ya ankara, tusidanganyane, lakini unaonyesha siku, kiasi na aliyelipwa, na ukilingana na ankara uliyotengeneza, hesabu yako inasimama imara. Noti mkononi haziachi alama yoyote.

Kijana wa boda hana presha kubwa hivyo. Tuseme anapata 1,000 kwa siku kwa siku 300, yaani 300,000. Petroli ni 350 kwa siku, mwenye pikipiki anachukua 300, kwa hivyo zake zinabaki 105,000 kwa mwaka. Hana ushuru. Na hata gharama zake zote zikikataliwa, 300,000 zina ushuru wa 31,800, ukitoa nafuu anadaiwa 3,000. Kwake yeye kitu cha kuogopa ni kutofaili kabisa, au kufailiwa NIL wakati kila mtu Kondele anamwona barabarani.

Ukishavuka milioni

Mauzo ya biashara yakizidi milioni 1 kwa mwaka lakini yasizidi milioni 25, unaingia kwenye ushuru wa mauzo, unaojulikana kama TOT. Tangu 1 Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote. Hakuna kutoa gharama. Unafaili na kulipa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwenye iTax au kwa kupiga *572#. Anayeuza bidhaa za 100,000 kwa mwezi analipa 3,000.

Ni rahisi kuhesabu, ila haimtendei kila mtu sawa. Muuza samaki ambaye faida yake ni ndogo kwenye kila kilo anaweza kulipa asilimia 3 hata mwezi aliopata hasara. Kama biashara yako iko hivyo, sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna utoke kwenye TOT na utozwe kwa faida kama kawaida, ila sasa zile ankara za gharama zinakuwa uti wa mgongo wako. TOT pia haihusu kodi ya nyumba wala kazi za kitaalamu.

Wale wa mshahara

Mwalimu wetu wa Seme ana kazi nyepesi kuliko wote, na bado wengi wao hukosea. Kukatwa PAYE kila mwezi ni malipo. Ritani ni ripoti. Mwajiri anakupa fomu ya P9 inayoonyesha mshahara wa mwaka, makato na ushuru uliokatwa. Unaingia iTax, unachagua ritani ya mkazi mwenye mapato ya ajira, unalinganisha zilizojazwa na P9 yako, na kama kila kitu kinalingana mwisho wake unasoma sufuri. Usibonyeze NIL. Mwajiri wako alishawaambia KRA ulilipwa ngapi. Ukitangaza kwamba hukupata kitu, mfumo una namba mbili zinazopigana, na yako ndiyo itakayoulizwa.

Kama ulikuwa na waajiri wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja huenda alikupa nafuu ya 2,400 kwa mwezi, na nafuu ni moja. Jiandae kukuta kuna ziada ya kulipa. Kama unalipa bima ya maisha au ya elimu, tafuta cheti chake, kwa maana asilimia 15 ya malipo hayo inapunguza ushuru wako, hadi 60,000 kwa mwaka. Na kama mwalimu ana shamba la kuku Kisian linaloleta faida, mapato hayo huingia kwenye ritani ile ile pamoja na mshahara.

Wengine hutuuliza: si nilishalipa ushuru kwenye ada ya kutuma pesa? Ule ni ushuru wa bidhaa unaotozwa juu ya ada ya huduma, kama ulio kwenye soda. Hauhusiani na ushuru wa mapato na hauwezi kuupunguza.

Kufaili na kulipa bila kuibiwa

Saiba si adui. Wengi wao wanajua iTax kuliko sisi tulioandika hapa. Lakini ukienda, nenda na namba zako zikiwa zimeandikwa: mauzo, gharama, faida. Keti karibu na skrini. Nenosiri liandike wewe mwenyewe, na ukirudi nyumbani libadilishe. Hakikisha baruapepe iliyo kwenye PIN yako ni yako, kwa sababu kuna watu ambao PIN zao zilifunguliwa kwa baruapepe ya saiba miaka mingi iliyopita, na barua zote za KRA zinaenda kwa mtu asiyewajua. Kuibadilisha, fika Huduma Centre ukiwa na kitambulisho. Kisumu iko, Siaya, Homa Bay na Migori vilevile.

Ukiwa na ushuru wa kulipa, iTax inakupa namba ya malipo, yaani PRN. Hiyo ndiyo unayoingiza kama namba ya akaunti ukilipa kwa Paybill 222222 ya serikali. Ingiza PRN tarakimu kwa tarakimu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN ya simu, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho. Ushuru haulipwi kwa namba ya simu ya mtu, hata akijiita afisa, hata akijua jina lako lote na namba ya kitambulisho. Kila Juni kuna SMS za “PIN yako imefungwa, tuma kiasi hiki ifunguliwe.” Usitume. Piga KRA mwenyewe kwa 0711 099 999 uulize.

Usingoje wiki ya mwisho. Tarehe 28 na 29 Juni iTax hulemewa na watu, na foleni ya Huduma inatoka nje ya mlango. Wanaouza omena wana bahati moja ya kalenda: ziwa hufungwa kwa omena Aprili hadi Julai ili wazaane, na biashara inapopungua ndipo mikono inapata nafasi ya kalamu na daftari.

Wakikuuliza

Watu huuliza kama KRA inaona kila kinachoingia kwa simu. Sheria ina kinga kwa data binafsi ambayo kampuni hushikilia kwa niaba ya wateja. Mswada wa Fedha wa 2025 ulikuwa na kipengele cha kuiondoa kinga hiyo, na Bunge likakikataa. Lakini hiyo haimaanishi taarifa yako haiguswi. KRA ikikukagua inaweza kukutaka uonyeshe rekodi zako, na katika ukaguzi kuna njia inayotumika ya kujumlisha pesa zote zilizoingia kwenye akaunti na kuzihesabu kuwa mauzo, mpaka wewe uonyeshe vingine. Sheria ya Taratibu za Ushuru, kifungu cha 56, inaweka mzigo wa kuthibitisha juu ya mlipa ushuru. Si KRA inayotakiwa kuthibitisha kwamba zile 240,000 ni za biashara. Ni mama anayetakiwa kuonyesha kwamba ni za chama: daftari la chama, majina ya wanachama, siku walizotuma, siku alizowatumia wenzake.

Ukipata barua ya makadirio ambayo hukubaliani nayo, una siku 30 za kuandika pingamizi, na pingamizi liambatane na ushahidi. Ukikataliwa, una siku 30 nyingine za kwenda kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru. Siku hizo huanza kuhesabiwa unapopewa uamuzi, na ndiyo maana baruapepe ya saiba ni hatari.

Rekodi zinatakiwa kuhifadhiwa miaka 5. Simu hupotea na kuanguka ziwani, kwa hivyo kila Januari pakua taarifa ya mwaka uliopita ya laini na ya tili, jitumie kwa baruapepe yako, na uweke nakala moja iliyochapishwa pamoja na daftari la chama na la mauzo kwenye bahasha moja iliyoandikwa mwaka.